Paji la Uso la Fundi wa Kreni

Nilifundishwa kuandika kwenye paji la uso la mtu kabla sijafundishwa kumpima joto. Ilikuwa katika shule ya waganga wa jeshi, nyumbani Kenya, miaka ya tisini, na mkufunzi wetu alikuwa sajini mmoja ambaye hakujua kusema polepole. Alituambia hivi: mtu akikatika mshipa mkubwa wa mguu, una dakika chache tu za kumwokoa. Funga mkanda juu ya jeraha, kaza mpaka damu ikome, halafu andika kwenye paji lake herufi T, alama ya mkanda huo kwa Kiingereza, na saa uliyofunga. Usiandike kwenye karatasi, karatasi hupotea. Usimwachie dereva akumbuke, dereva husahau. Daktari atakayempokea hakujui wala hakuoni, na jambo la kwanza atakalotaka kujua ni mguu huo umekaa bila damu kwa muda gani. Kama hayajatimia masaa mawili, ataupigania. Kama yamepita masaa sita, hatathubutu kuufungua mkanda, maana sumu iliyojikusanya kwenye nyama iliyokufa itakwenda moyoni na kumwua mgonjwa. Hapo ataukata mguu.

Somo hilo liliniingia kuliko sala. Nilipopelekwa Afrika Magharibi na kikosi cha kulinda amani, niliandika kwenye mapaji ya watu watatu, na mmoja wao, askari mwenzangu ambaye mguu wake ulikuwa umesagwa na gurudumu la lori, alifika kwa daktari baada ya saa moja na nusu akarudi kambini akitembea kwa miguu yake miwili. Nilitamba sana kwa ajili ya mguu ule. Nilipoacha jeshi na kuja Maskati, Oman, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kwa mkataba wa ulinzi, nilikuwa bado natamba.

Kampuni iliyotuajiri ilitaka askari wastaafu wa Kenya walinde mabohari ya Rusayl, kule kwenye viwanda, na ilitupa malazi katika mtaa wa Ansab, vyumba vya watu wanne wanne vyenye kiyoyozi kimoja kilichokohoa usiku kucha. Nilitoka nyumbani nikidhani Kiswahili nimekiacha uwanja wa ndege. Siku ya kwanza kazini akanijia Mwomani mmoja wa makamo, kanzu nyeupe imenyooka, kofia ya kudariziwa kichwani, akanishika mkono akaniambia, "Karibu mwanangu. Ushakunywa chai, ama wamekuleta hivi hivi na njaa yako?" Nilibaki mdomo wazi. Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu, na mimi ndiye niliyetoka Afrika.

Huyo ndiye alikuwa mkuu wetu wa ulinzi. Alizaliwa Unguja, akaja Oman akiwa kijana, akatumikia jeshi la huku mpaka akastaafu. Nyumbani kwake waliongea Kiswahili na Kiarabu kwa pamoja, sentensi ikianza huku na kumalizikia kule, na alitupenda sisi Wakenya kwa sababu tulimpa mtu wa kuzungumza naye kazini. Ila alikuwa na mtindo mmoja ulionikera. Ratiba ya zamu za Wakenya aliiandika mwenyewe, kwa mkono wake, na aliiandika kwa saa za Kiswahili. Zamu ya mchana: 1:00 mpaka 1:00. Kubadilishana lango: 4:30. Walinzi wa mataifa mengine walikuwa na ratiba yao ukuta wa kulia, kwa Kiarabu na Kiingereza, na saa zao za kawaida. Sisi tulikuwa ukuta wa kushoto.

"Mzee, ulinzi ni kazi ya kijeshi," nilimwambia wiki ya kwanza. "Tuandike sifuri saba sifuri sifuri, kumi na tisa sifuri sifuri."

Alinitazama kama mtu aliyeombwa afuturu adhuhuri. "Hebu nambie, yakhe. Wewe leo umeamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Basi mwenyewe umesema saa kumi na moja. Hukusema saa tano. Mie nna haja gani ya kukuandikia kitu usichokisema?"

Nilirudi langoni nimekasirika, na hasira ikanikaa siku nzima. Lakini kusema kweli mtindo wake ulifanya kazi. Hakuna Mkenya aliyekosa zamu. Kitabu cha matukio cha lango letu nacho kilikuwa cha saa za Kiswahili, na baada ya mwaka mmoja mzee alinikabidhi ratiba na kitabu, nikawa naandika mimi. Siku baada ya siku, lori limeingia saa tatu na robo, 3:15; lori limetoka saa tano kasoro dakika tano, 4:55. Niliandika hivyo kwa miaka miwili bila hata kufikiri.

Mzee ndiye aliyeniomba nifundishe wenzangu huduma ya kwanza. Huko Rusayl kulikuwa na vyuma, kreni, na foku lifti za kunyanyulia mizigo zinazokimbizwa na watu waliochoka. Wikendi ya huko wakati ule ilikuwa Alhamisi na Ijumaa, basi kila Alhamisi alasiri tulikusanyika uani Ansab, walinzi na mafundi wachache wa Kikenya, nami nikawafundisha kama nilivyofundishwa, kwa makelele.

Mwanafunzi wangu hodari alikuwa mlinzi mmoja aliyewahi kuwa na bucha huko kwao. Hakuogopa damu, na mikono yake ilijua nyama inashikwa wapi. Mwingine ambaye sitamsahau alikuwa fundi wa kreni, mtu mzima mwenye upara mpana unaong'aa, ambaye kwa hiari yake alikuwa mgonjwa wetu wa mazoezi. Tulimwita ubao wa darasa. Kila Alhamisi aliandikwa T na saa, na kwa kuwa kalamu niliyotumia ilikuwa ile ya wino usiofutika, kila Ijumaa alikuja ibadani na maandishi yake kichwani. Ibada zetu zilikuwa Ijumaa, ndiyo siku tuliyopewa mapumziko. Mchungaji alimwuliza kama amejiunga na dhehebu jipya. Fundi alijibu kuwa amewekwa alama ili malaika wasipoteze muda kumtafuta.

Lakini kwenye suala la saa sikucheka na mtu. Hapo sikumsikiliza mzee wala ratiba yake. Niliwaambia, daktari wa hapa ni Mhindi au Mmisri, hajui hesabu zetu, hajui kwamba mchana kwetu unaanza saa moja. Saa ya paji la uso ni saa ya daktari. Siku moja yule wa bucha aliandika 9:20 alasiri, alipotakiwa kuandika 15:20. Nilimfokea mbele ya wote nikamlazimisha kuosha vyombo vya kambi nzima. Alinawa mikono akaosha.

Ajali ilitokea asubuhi ya siku ya kazi, jua tayari kali. Nilikuwa kwenye chumba cha lango nikiandika kitabu cha matukio, lori la saruji limeingia, na mzee ameketi mlangoni na kikombe chake kidogo cha kahawa. Tukasikia chuma kikigonga chuma, halafu kishindo kinachobingirika, halafu mtu mmoja akipiga kelele. Sikuuliza. Nilichukua mkoba wangu nikakimbia, mzee nyuma yangu ameshika kanzu yake kwa mkono mmoja.

Kamba ya kreni ilikuwa imekatika na mabomba ya chuma yamemwagika. Fundi alikuwa amelala chali, mguu wa kushoto umesagwa chini ya goti. Damu ilikuwa inatoka kwa mapigo, inaruka. Yule wa bucha alikuwa amefika kabla yangu, amempigia goti kwenye paja, amekandamiza kwa uzito wake wote kama nilivyowafundisha. Nilistuka kwa sekunde moja, kwa sababu ni tofauti kuona damu ya mtu unayemjua utani wake. Halafu mikono ikaanza kazi yenyewe. Mkanda, kijiti, kuzungusha, kuzungusha tena. Fundi akalia kama mtoto. Damu ikakoma.

"Saa ngapi?" nikapiga kelele.

"Saa nne na dakika kumi," mzee akasema, macho kwenye saa yake.

Nikatoa kalamu mfukoni nikaandika. Nakumbuka nilivyoridhika. Gari la wagonjwa halikuwa la kusubiriwa, tukampakia nyuma ya pikapu ya bohari, dereva wa Kibangali akashika usukani, na yule wa bucha akakaa naye nyuma. Nilimwagiza asiruhusu mtu yeyote auguse mkanda mpaka wafike kwa daktari. Mimi na mzee ilibidi tubaki. Ajali ya namna ile lazima polisi waikute kama ilivyo, na kulinda mahali pa tukio ndiyo kazi tuliyolipwa kufanya.

Nilinawa mikono bombani. Nilisimama na walinzi wengine kivulini nikiwaelezea nilivyofanya, kijiti nilikishika vipi, nilikaza mara ngapi. Niliwaambia mguu ule utapona, niliwaambia kwa uhakika kabisa, na nikawapa habari za yule askari wa Afrika Magharibi ambazo walikwisha kuzisikia mara kumi. Aibu ninayoisikia sasa nikikumbuka mazungumzo yale siwezi kuieleza. Nilikuwa najisifu, na fundi amelala hospitalini akisubiri msumeno.

Simu ya mzee ililia kama saa tano na nusu. Alisikiliza, akasimama, rangi ikamtoka.

"Wanataka kumkata mguu," akasema. "Wasema ulifungwa tangu alfajiri."

"Nani kasema alfajiri?"

"Wasema imeandikwa."

Nilimpokonya simu, kitu ambacho sijawahi kumfanyia mkubwa wangu maishani. Upande wa pili alikuwa yule wa bucha, ameazima simu ya mtu. Aliongea haraka haraka. Walimzuia mlangoni, fundi akaingizwa peke yake akiwa nusu ana fahamu nusu hana. Sasa nesi ametoka anatafuta ndugu wa mgonjwa, tena ana hasira, anauliza ni watu gani wanaoweza kumfunga mtu saa kumi alfajiri na kumleta hospitali karibu na saa sita mchana. Amemwambia imetokea sasa hivi tu, lakini nesi amesema kila mtu hapo mlangoni husema hivyo, na ameshaingia ndani.

Damu ilinipanda. Nilikumbuka vile vyombo alivyoosha. "Umeshika hilo paji?" nikamfokea. "Umeandika upya?"

"Afande, mimi? Hapana, afande."

"Umeandika! Nimekwambia mara ngapi? Hii si bucha yako!"

Mzee alishaanza kuwasha gari. Nilirusha simu kwenye kiti nikaingia. Njia nzima nilimtukana yule mtu. Nilisema nitamrudisha kwao kwa ndege ya kwanza, nilisema mtu akishazoea kukata nyama ya mbuzi hawezi kuheshimu nyama ya binadamu, nilisema mengi ambayo sitayarudia. Mzee aliendesha kwa kasi ambayo sikujua anaijua. 

Yule wa bucha alikuwa amesimama nje ya mlango wa dharura, sare yake nyekundu kuanzia kifuani mpaka magotini. Nilimkamata ukosi.

"Uliandika nini?"

"Afande," akasema taratibu, "kalamu ulikuwa nayo wewe."

Niliyasikia maneno hayo na hayakunigusa popote. Nilimsukuma nikapita. Mzee alikuwa tayari anazungumza Kiarabu na daktari mpasuaji, mtu mrefu ameshavaa nguo za kijani, kofia ya kijani, mikono ameinyanyua kwa sababu ameshanawa. Daktari alinitazama, akatazama damu kwenye mikono ya shati langu, akaashiria kwa kichwa nimfuate.

Fundi alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, ukutani, nje ya chumba cha upasuaji. Macho nusu wazi. Mguu umefunikwa. Na kwenye lile paji pana, kwa wino mweusi, palikuwa na T, na pembeni yake 4:10.

Ile nne ilikuwa yangu. Mimi huifunga nne yangu juu, nikaipiga mkia mrefu chini kuelekea kushoto, tangu shule ya msingi, na walimu walinichapa kwa ajili ya mkia ule wakashindwa. T yangu nayo ina mstari mrefu juu, kama ya mkufunzi wangu. Hapakuwa na mtu mwingine Maskati nzima aliyeandika hivyo. Nilitazama mwandiko wangu mwenyewe kwenye kichwa cha mtu, na kwa muda fulani sikuelewa ninachokiona.  Nikashika chuma cha kitanda. Nilikuwa nakumbuka kabisa kuandika 10:10. Ningeapa mbele ya hakimu. Mpaka leo nikifumba macho naona mkono wangu ukiandika moja na sifuri, na najua ni uongo, na bado naona.

"Ni mimi," nikasema. Nilianza kwa Kiswahili, daktari akakunja uso, nikageuza Kiingereza. Nilimwambia hiyo ni saa nne ya kwetu. Kwa hesabu yenu ni kumi, ten o'clock. Amefungwa leo asubuhi, 10:10 ya kwenu, hajatimiza masaa mawili.

Daktari alinitazama kama mtu anayesikiliza mlevi. Mzee akaingilia kwa Kiarabu, kwa haraka, mikono ikienda, nikashika neno Zinjibar na neno shamsi, jua. Alikuwa anamwelezea kwamba watu wetu huhesabu kutoka kuchwa na kuchomoza kwa jua. Kwa jinsi daktari alivyogeuka ghafla kutazama saa ya ukutani, nilijua ameelewa. Ilikuwa saa sita na dakika tano mchana. Kwake yeye, kumi na mbili na tano. Alihesabu, midomo ikisogea.

"Nimekuwa naye hapa dakika hamsini," akasema. Hakupandisha sauti. Akawaambia manesi kitu kimoja kikali kwa Kiarabu, na kitanda kikaanza kukimbia.

Tulikaa kwenye viti vya plastiki. Adhuhuri ilipoingia mzee alikwenda kuswali, akarudi, akaketi karibu nami na viatu vyake mkononi, amesahau kuvivaa.

"Saa nimekutajia mimi," akasema.

"Nilikuuliza kwa Kiswahili, mzee."

"Ndiyo. Nami nimekujibu ulivyoniuliza."

 Yule wa bucha alikuwa kiti cha tatu kutoka kwangu. Nilitafuta maneno, na kwa mtu wa makelele kama mimi maneno ya upole huja kwa shida. Nikamwambia anisamehe. Akasema, "Sawa, afande." Halafu akainuka akaenda kukaa kiti cha mbali zaidi, nami sikumlaumu.

Upasuaji ulichukua mchana wote. Daktari alitoka jioni akasema ameunga mshipa na mguu umepata joto. Mzee alilia waziwazi, bila kujificha, akisema alhamdulillahi, alhamdulillahi.  Siku mbili tulikuwa na furaha ya wendawazimu. Siku ya tatu vidole vikaanza kubadilika rangi, na siku ya nne asubuhi wakamkata mguu chini ya goti.

Daktari alituita mimi na mzee ofisini kwake. Alikuwa amechoka. Alisema mifupa ilikuwa imesagika vibaya, nyama imeumia sana, na hakuna mtu anayeweza kusema kwa hakika kama mguu ungepona hata kama angeanza mapema. Alisema hivyo akinitazama mimi, na nilielewa kwamba ananifanyia hisani. Mzee aliyadaka maneno yale pale pale.

"Umemsikia daktari," aliniambia nje, tukitembea kwenda garini. "Ni kadari yake Mola. Sasa usende ukamtonesha mtu kidonda kwa kutaka kutua mzigo wako."

"Si haki yake kujua?"

"Haki yake ni kupona. Nnakwambia kama mwanangu, nyamaza."

Nikanyamaza. Kilichonistua zaidi ni jinsi kunyamaza kulivyokuwa rahisi. Kampuni iliniandikia barua ya shukrani kwa kuokoa maisha ya mfanyakazi. Ijumaa ile mchungaji aliniita mbele ya waumini, akasema Mungu alimweka mganga wa jeshi pale bohari kwa makusudi yake, na watu wakapiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele. Nilisimama pale mbele nikiyasikiliza makofi yale, nikiwa siamini kwamba ni yangu. Yule wa bucha alikuwa safu ya nyuma. Alipiga makofi pamoja na wengine, na hakuondoa macho usoni mwangu.

Nilitoka ibadani nikaenda moja kwa moja hospitali.

Fundi alikuwa wodini, kitanda cha dirishani, amekonda kwa wiki moja kama aliyefunga mwezi mzima. Shuka lilikuwa limeinuka kwa mguu wa kulia, na upande wa kushoto likalala bapa kuanzia chini ya goti. Sikujua macho niyaweke wapi. Nikavuta kiti. Nikamwuliza kama amekula. Akasema amekula. Nikamwuliza kama kunauma. Akasema kinachomwuma ni kidole gumba cha mguu ambao haupo, na akacheka kidogo, mimi nikashindwa kucheka.

"Fundi, nina jambo nataka kukwambia," nikasema.

"Najua."

"Hujui."

"Nilisikia kalamu," akasema. "Ilikuwa baridi, na wewe huandika kwa kukandamiza. T, halafu nne. Mimi nimeandikwa na nyinyi mwaka mzima, afande, najua kila namba inavyopita. Nikajiambia, hiyo ni nne. Halafu nikajiambia, afande ndiye anaandika, basi ni sawa."

Nilimtazama. Katika yote yaliyonipata Maskati, hakuna kilichonipiga kama hicho. Alikuwa amelala pale kwenye zege, anavuja damu, na alijua nimekosea kabla sijafunika kalamu, na hakusema kwa sababu aliyeandika ni mimi.

Aligeuza kichwa kwenye mto, akanitazama vizuri.

"Daktari ameniambia mguu ungekwenda tu," akasema. "Mzee wa ulinzi amekuja, naye ameniambia hivyo hivyo. Mchungaji ndio usiseme. Lakini wewe ndiye umesomea, na wewe ndiye uliuona ukiwa bado moto. Ile saa nzima waliyoniacha nimelala pale ukutani. Ingetosha kuuokoa?"

Maneno ya daktari nilikuwa nayo mdomoni. Hakuna anayeweza kusema kwa hakika. Ni maneno ya kweli, yametoka kwa mtu mwenye elimu kunishinda, na ningeyasema fundi angeyapokea, ningerudi Ansab nikalala. Lakini nilikuwa nimeuona mguu ule. Nilikuwa nimewahi kuona mwingine uliosagwa kuliko ule.

"Ingetosha," nikasema.

Hakulia wala hakunitukana, ingawa niliketi pale nikingoja anitukane, nikitamani anitukane. Alitazama dari. Nje kulikuwa na adhana ya alasiri kutoka msikiti wa jirani, na mgonjwa wa kitanda cha pili akajitahidi kuinuka akae. 

"Afande," akasema mwishoni, bado macho yako darini. "Nifunikie huu mwingine. Hii eisii yao ina baridi kali."

Nikainuka, nikashika blanketi lililokuwa miguuni mwa kitanda, nikaufunika mguu wa kulia mpaka kwenye vidole.